Mwanamke Mwenye Kola Nyeupe

Kwa mambo ya mali, Nekesa hakuwa na kijicho. Jirani yake pale mtaa wa Landless akinunua kochi jipya, yeye ndiye wa kwanza kwenda kulikalia na kulisifu. Mumewe alipomwacha akaoa msichana wa Juja, Nekesa alisema mzigo umepata mbebaji mwingine, akaendelea kukanda unga wake. Kwa hiyo hata yeye mwenyewe alishangaa, mtu mzima mwenye wajukuu, kujikuta anamchukia mwanamke mwenzake kwa ajili ya picha iliyo ndani ya kitabu cha maktaba.

Huko maktaba alipelekwa na chapati. Idah, msichana anayekaa kwenye meza ya mbele ya maktaba ya umma ya Thika, alikuwa na mazoea ya kuagiza chapati na maharagwe kutoka kibanda cha Nekesa, karibu na lango la viwanda. Siku moja Nekesa alimkuta amezingirwa na wanafunzi.

"Kaa hapo kidogo Mama Eddie, nakuja," Idah akamwambia.

Nekesa akakaa. Mbele yake mtu alikuwa ameacha kitabu kikubwa cha jalada la kijani, habari za Thika na Ruiru za zamani. Akakifungua vile mtu anavyofunua sufuria ya jirani, kutaka tu kujua kumepikwa nini. Mashamba ya mkonge. Reli. Wahindi wamesimama mbele ya maduka ya mabati. Akafungua ukurasa mwingine, na hapo mkono ukagoma.

Ilikuwa picha ya wanawake wa kiwanda cha nguo, wamejipanga mbele ya vyumba vya kampuni ambavyo siku hizi vimebomolewa pakajengwa godauni. Wengine walikuwa na leso, wengine na nguo za kazi. Lakini wa katikati alikuwa amevaa rinda lenye kola nyeupe, pana kama sahani, na vifungo vikubwa vilivyoshuka kutoka shingoni mpaka kwenye pindo.

Lile rinda alilijua. Mama yake, Nanjala, alimwacha Bungoma kwa nyanya yake akaja Thika kutafuta kazi. Alichotuma nyumbani ni sukari, mablanketi, na picha moja aliyopigwa studio akiwa ndani ya rinda hilo. Nekesa alilelewa na ile picha. Asubuhi aliambiwa amwamkie mama, naye akaiamkia. Mama akafa kwa homa hukuhuku Thika kabla mtoto hajaanza shule. Baadaye radi ikapiga nyumba ya nyanya, nyasi zikawaka, picha ikateketea. Ndipo uso ulipoanza kumtoka Nekesa kichwani, kwanza macho, kisha mdomo, mpaka akabakiwa na kola na vifungo.

"Mama," alisema kwa sauti, mle ndani ambamo hata kukohoa ni makosa.

Nyuso katika picha zilikuwa ndogo na jua lilikuwa limezipiga vibaya. Hata hivyo ulikuwa uso. Nekesa alitaka kuondoka nacho kile kitabu papo hapo, lakini Idah akamweleza kwamba vitabu vya rafu ile havitoki nje, kila mtu huvisomea mezani. Basi akawa anakuja kila Jumamosi. Kwanza alikuja kwa ajili ya ukurasa mmoja. Halafu, kwa kuwa huwezi kumkodolea mtu macho asubuhi nzima hata kama ni mama yako, akaanza kusoma kurasa za jirani, polepole, Idah akimtafsiria Kiingereza kilipokuwa kigumu. Akajua nani alichimba mitaro ya mji, na kwa nini barabara fulani imepinda. Wateja wake wakawa wanapewa historia pamoja na maharagwe, wapende wasipende.

Kisha Idah akamletea habari. Maktaba ilikuwa inaandaa maonyesho ya historia ya mji. Picha ile ingekuzwa iwe kubwa kama mlango, ining'inizwe ukutani, na chini yake yaandikwe majina.

"Wengine tumepata. Lakini huyu wa katikati hakuna anayemjua," Idah alisema.

"Mimi namjua. Andika Nanjala."

"Poa sana, Mama Eddie. Lakini tulitangaza kwa redio watu wajitokeze. Tungojee kidogo, isije ikawa tumeandika halafu mtu aje na maneno."

Na maneno yakaja kweli. Yalikuja kutoka Ruiru, yamevaa kitambaa cha kichwa cha kijani na miwani, yanaitwa Awiti. Alikuwa amestaafu upishi katika shule moja ya bweni, mwanamke mpole, wa kuongea kana kwamba kuna mtoto amelala karibu. Jumamosi hiyo Nekesa alimkuta amekaa kwenye kiti chake, kitabu chake kikiwa wazi kwenye ukurasa wake, na machozi yanadondoka karibu kabisa na picha.

"Utailowesha," Nekesa akasema.

"Samahani, dada. Ni mama yangu huyu." Kidole chake kilikuwa juu ya kola nyeupe. "Anaitwa Akoth. Sikujua yuko kwa kitabu."

Kitu kikamshika Nekesa. Tusikiite huzuni. Ulikuwa wivu, ule wa mtoto anayeona mwenzake amebebwa na mama yake.

"Huyo ni mama yangu," alisema. "Tafuta wako hapo pembeni, wako wengi."

Sasa, kuna mchezo wanafunzi wanaucheza katika maktaba zote za nchi hii mitihani ikikaribia. Kitabu kikiwa kimoja na wanaokitaka ni wengi, mjanja hakiibi. Anakificha kwenye rafu isiyo yake, ili yeye tu ndiye ajue kilipo. Nekesa alikuwa amewaona wakiucheza na akawasema sana. Siku hiyo, Awiti alipoondoka, alikichukua kitabu cha kijani akakisukumia katikati ya vitabu vya magonjwa ya ng'ombe, akaenda nyumbani akala vizuri.

Jumamosi iliyofuata Awiti alikuja akakaa, akangoja. Idah akapekua rafu, akainama, akapanda kiti, akaomba radhi. Nekesa alikuwa amejifunika gazeti. Mpaka kijana mmoja wa mambo ya mifugo akaja ameshika kitabu cha kijani mkononi. "Hiki kilikuwa kwa ng'ombe," alisema. Idah alimtazama Nekesa kwa muda ambao Nekesa aliuona mrefu. Kuanzia siku hiyo kitabu kikawa kinakaa ndani ya droo yake, na kila anayekitaka sharti aombe. Nekesa aliona aibu, lakini aibu yenyewe haikupunguza kitu. Ilimfanya amchukie Awiti zaidi, kwa kuwa ndiye aliyemfanya aionje.

Awiti akatoa bahasha mkobani. "Nimeleta hii, Idah. Pengine itasaidia."

Ilikuwa picha ya studio, ya zamani, imekatika pembe. Mwanamke amesimama kando ya meza yenye maua ya plastiki. Kola nyeupe, pana kama sahani. Vifungo mpaka kwenye pindo.

Nekesa aliitazama mpaka macho yakamuuma. Ni rinda lilelile. Ni meza ileile, na maua yaleyale aliyokuwa akiyaamkia asubuhi. Lakini mwanamke hakuwa yule, au ndiye, angejuaje na uso ulishamtoka?

"Aliliazima kwa mama yangu," alisema.

"Pengine wako ndiye aliazima kwa wangu," Awiti akajibu, bila ukali wowote, jambo lililozidi kuudhi.

Idah akashika kichwa. Akaweka picha ya studio kando ya picha ya kitabu, akazitazama kwa kioo cha kukuzia, akasema hawezi kuapa. Na mwisho wa kupeleka majina kwa wachapaji ulikuwa Jumamosi inayofuata. Bila uhakika, ataandika "hajulikani."

Nekesa hakuweza kumeza hilo. Mwenzake ana picha nyumbani, picha kubwa, yenye uso! Anaweza kuiweka kando ya kitanda akaiamkia kila siku ya Mungu. Na bado amepanda gari kutoka Ruiru kuja kumnyang'anya mtu hiki kidogo. Aliyekupa wewe kiti ndiye aliyenipa mimi kumbi, wahenga walisema, lakini hata hilo kumbi la nazi sasa mwenye kiti analitaka?

"Kuna mama mmoja Mhindi," Awiti akakumbuka. "Mama yangu alikuwa akimtaja. Alikuwa anawashonea nguo hapa Thika, duka la vitambaa. Nasikia siku hizi anakaa kwa mtoto wake Rajiv, pale Ruiru, wana hardware karibu na soko. Tungeenda pamoja kumuuliza, dada. Kesho Jumapili siwezi, lakini Ijumaa niko."

"Ijumaa ni sawa," Nekesa akasema.

Alhamisi asubuhi aliacha kibanda mikononi mwa jirani, akaenda Ruiru peke yake. Simuni alikuwa na picha ya ule ukurasa. Alipiga hesabu zake hivi: shahidi akifikiwa kwanza, anakuwa wako.

Yule mama Mhindi, Dayaben, alikuwa amekaa nyuma ya duka la Rajiv, kwenye kiti cha plastiki, kati ya ndoo za rangi na mabomba. Kando yake kulikuwa na masanduku yaliyofungwa kamba. Rajiv alisema mama yake anasafiri usiku wa leo kwenda kwa dada yake ng'ambo, huenda asirudi karibuni, kwa hiyo asimchoshe. Bibi mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo, nywele nyeupe kabisa. Nekesa hakuwa amefungua mdomo bado.

"Wewe ni wa Nanjala," Dayaben akasema.

Nekesa alishika ukingo wa rafu. "Umejuaje, Mama Rajiv?"

"Umeingia umekunja mdomo. Hivyo tu. Kama mtu amekula ndimu na anataka kukulaumu wewe. Nanjala alikuwa hivyo." Akacheka. "Kaa chini. Mnakaa vilevile pia, mnakalia ukingo wa kiti."

Nekesa akampa simu. Bibi akaisogeza karibu na pua yake, na papo hapo akatabasamu, lakini hakutabasamia uso wa mtu, alitabasamia kola.

"Rinda langu. Mimi nilishona hili. Moja tu."

"La mama yangu."

"La wote. Hakuna mmoja angeweza kulinunua. Walikuja dukani kundi zima, wakachanga, wakasema Mama, tushonee rinda moja la kupigia picha. Kila Jumapili mmoja analivaa, anaenda studio, picha inatumwa kwao, wazazi waone mtoto anakaa vizuri Thika. Jumapili ya pili mwingine. Niliacha nafasi pembeni, nikaweka kamba za kufunga ndani, kwa sababu kuna wanene na kuna wembamba. Urefu ndio sikuweza. Warefu lilikuwa linawafika magotini. Mama yako alikuwa mfupi, lilimfika karibu na viatu."

Nekesa alifumba macho akaiona ile picha ya ukutani Bungoma. Viatu vilikuwa vimechungulia kidogo tu chini ya pindo. Alikuwa anakijua kitu hicho siku zote. Akafumbua macho akatazama simu, akatazama magoti ya mwanamke wa katikati, yako wazi kabisa juani.

"Huyu ni Akoth," Dayaben alisema. "Mrefu. Mpole."

"Na mama yangu yuko wapi hapa? Ni yupi?"

"Hayupo."

"Alikuwa kazini?"

"Kazini, Jumapili?" Bibi akatikisa kichwa. "Alikuwa kwangu. Siku hiyo zamu ilikuwa yake. Halafu mtu akaja anataka kuwapiga picha wote, ya bure, ya kuweka kwa kitabu. Akoth alikuwa ameruka zamu yake kwa sababu ya ugonjwa, wenzake wakasema apewe yeye alivae. Nanjala akasema ikiwa si yeye mwenye rinda, hasimami pale na leso ya kupikia. Akaja dukani kwangu, ng'ambo ya barabara, akakaa kwa ukingo wa kiti, mdomo umekunjwa. Walimwita. Mpaka Akoth mwenyewe alikuja na rinda mwilini akamwambia njoo nikuvulie. Akakataa! Alikunywa chai yangu birika zima kwa hasira, mpaka mwenye kamera akaenda zake."

Nekesa alirudi Thika amebeba ukweli huo kama sufuria ya moto isiyo na kitambaa cha kuishikia. Alimkasirikia mama yake kwanza: ungesimama tu, mama, hata na leso, hata na mwiko mkononi! Ungesimama mwisho wa mstari, leo ningekuwa nakutazama. Kisha wazo jingine likamjia polepole. Dayaben atakuwa angani usiku huu. Yaliyosemwa nyuma ya duka lile anayajua yeye tu. Kesho angemwambia Awiti kwamba bibi ameshaondoka, na Jumamosi angesema tena neno lake: huyu ni Nanjala. Nani angempinga? Usiku huo hakuomba sala yake ya kawaida, maana hakutaka kuulizwa.

Ijumaa alimpigia Awiti simu akamwambia shahidi amesafiri. Huo haukuwa uongo, alijiambia.

Jumamosi walikaa watatu kwenye meza, kitabu katikati. Idah alikuwa na kalamu mkononi. "Haya, mama zangu. Leo ndio leo. Niandike nani?"

Nekesa alikuwa ameliandaa neno lake tangu alfajiri. Akavuta pumzi. Lakini Awiti akatangulia.

"Andika Nanjala," alisema. "Nimefikiria sana wiki hii. Mimi niko na yangu nyumbani, nalala nikiiona. Mwenzangu hana hata moja. Hata kama ni Akoth, mama hatanikasirikia. Mpatie dada huyu."

Idah aliweka mkono kifuani. "Woiye, Mama Awiti."

Mtu mwingine angeshukuru, akachukua alichopewa akaondoka. Nekesa alihisi ule wivu wake ukisimama wima kwa mara ya mwisho, mrefu kuliko siku zote. Kwa hivyo hata wema Awiti ameuchukua yeye! Ana picha, ana uso wa mama, ana upole, na sasa atarudi Ruiru akiwa amemsaidia maskini wa Landless, na kila Nekesa akilitazama jina la Nanjala ukutani atakuwa anatazama sadaka ya Awiti. Hapana. Afadhali akose.

"Sitaki kupewa," alisema, na sauti yake ikawafanya wanafunzi wainue vichwa. "Ni mama yako. Ni Akoth. Tazama magoti. Mama yangu alikuwa mfupi."

"Dada, si lazima..."

"Nilienda kwa yule Mhindi Alhamisi. Peke yangu, ndiyo. Nilitaka kukutangulia. Akanieleza yote." Akawaeleza yote na yeye, rinda la mchango, zamu za Jumapili, kamba za ndani. Awiti alisikiliza amefunika mdomo kwa kitambaa.

"Na Nanjala je?" akauliza mwishowe. "Ni yupi?"

"Hayupo. Alinuna. Hakupewa rinda, akanuna, akakataa kusimama. Alikuwa anakunywa chai upande wa pili wa barabara."

Awiti ndiye aliyeanza, mabega yakimtikisika. Nekesa alidhani analia, kumbe anacheka. Idah akafuata. Na Nekesa, ambaye alikuwa ameamua hatacheka kamwe mbele ya mwanamke huyu, kicheko kilimtoka puani, na machozi yakawa yanakuja nyuma yake. Alimlilia mama yake pale mezani kwa mara ya kwanza tangu utoto. Awiti akamshika mkono, naye akauacha ushikwe.

Alipomaliza kupangusa uso, alimgeukia Idah. "Akoth andika. Lakini mwishoni uandike na mama yangu."

"Lakini si umesema hayupo kwa picha?"

"Ndivyo uandike. Hayupo."

Idah aliinamia karatasi, akafikiri, akaandika. Ndivyo ilivyochapwa, na siku ya maonyesho watu walikuta chini ya picha kubwa kama mlango, baada ya majina yote: *Hayupo pichani: Nanjala, aliyekataa kusimama.*

Akoth alikuwa katikati ya ukuta, mrefu, rinda likimfika magotini, na kwa ukubwa ule hata kamba moja ya ndani ilionekana ikichungulia ubavuni. Awiti alisimama chini yake na gauni jipya, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, tayari kuwasimulia watu habari za mama yake. Lakini watoto wa shule walikuja, wakatazama juu, wakasoma chini, na wote waliuliza swali moja. Nanjala ni nani? Alikataa kwa nini? Alikuwa wapi? Walimu wakauliza hilohilo. Mtu wa redio akaelekeza maikrofoni yake kwa Nekesa, naye akasimulia, akasimulia tena, na kila mara birika la chai likazidi ukubwa.

Katikati ya masimulizi alimtupia Awiti jicho. Awiti alikuwa ametulia chini ya picha ya mama yake, hakuna anayemuuliza kitu, na mdomo wake mpole ulikuwa umekunjwa kabisa, kama mtu aliyekula ndimu.

Nekesa aliona raha, wacha tuseme ukweli. Aliiona kwa dakika nzima bila kujikemea. Kisha akawaambia wale watoto wangoje kidogo.

"Mama Awiti," akaita, "njoo uwaambie vile mama yako alimfuata na rinda akitaka kumvulia. Hiyo yako siwezi kusimulia mimi."

"Nilidhani umenisahau," Awiti akajibu, bado amekunja mdomo, lakini akaja, na Nekesa akasogea kumpa nafasi mbele ya maikrofoni.